Mwanafunzi Asiyerudishiwa Karatasi

Jumamosi hiyo ya Januari soko la Strip lilikuwa limefurika. Nusu ya Pittsburgh ilikuwa mle, skafu za njano na nyeusi shingoni, pua zimeiva kwa baridi, na moshi wa nyama ya kuchoma ulipanda kati ya vibanda ukachanganyikana na pumzi za watu. Renata Sobczak alikuwa amesimama kwenye foleni ya pierogi, vile viandazi vya Kipolandi vya viazi na vitunguu. Alivaa koti jekundu ambalo dada yake alisema linamfanya afanane na gari la zimamoto, na begani alining'iniza mfuko ulioelemewa na kitabu kimoja tu.

"Huyo ni Thorsen," sauti ikasema nyuma yake.

Aligeuka. Alikuwa mwanamume mrefu wa miaka thelathini hivi, koti lake la sufu la kahawia likimpwaya mabegani kama la kuazima. Macho yalikuwa mazuri, ila ya mtu asiyepata usingizi.

"Nani Thorsen?"

"Mwalimu aliyekubebesha hicho kitabu. Historia ya Ustaarabu wa Magharibi, sehemu ya pili, Jumanne na Alhamisi asubuhi. Hakuna mwingine mji huu anayewatesa watu kwa uzito huo."

"Wewe ni polisi?"

"Ni mwanafunzi mwenzio. Naitwa Emmett Rowe."

Walikula wakiwa wamesimama, sahani za karatasi zikiwaunguza vidole. Emmett alimsimulia jinsi kipindi cha kwanza kitakavyokuwa. Profesa atavua miwani, atatazama dirishani, halafu atasema mfalme Louis alikatwa kichwa kwa sababu hakusoma sura ya tatu, na kwamba wao wasipoisoma watapoteza kitu kidogo zaidi lakini kitawauma vilevile. Renata alicheka hadi kitunguu kikamwangukia kwenye koti. Emmett alikipangusa kwa kitambaa, polepole kuliko ilivyohitajika, na Renata hakumzuia.

Jumanne Profesa Thorsen aliingia darasani, mzee aliyenyooka, tai imefungwa vizuri. Alivua miwani. Alitazama dirishani. Akasema maneno yale yale, moja baada ya jingine. Darasa zima lilicheka isipokuwa Renata. Alimtazama Emmett, aliyekaa kiti cha mbele kabisa karibu na ukuta, akamwona amefumba macho kama mtu aliyevuka barabara salama.

Baadaye alimuuliza amejuaje. Emmett akajibu kwamba mji ni mdogo, watu husimuliana. Lilikuwa jibu la kawaida, lakini halikumtosha Renata.

Renata alikuwa na sababu ya kuwa mwangalifu. Asubuhi alisoma katika chuo kidogo cha mji, mchana alifanya kazi kwenye kliniki ya meno, akishika bomba la kunyonya mate huku daktari akitoboa. Alitaka kuwa mwalimu wa historia. Chuo kikuu kilikuwa kimekubali kumpokea, mradi somo la Thorsen alipate kwa alama ya juu. Alikwisha kuacha chuo mara moja akiwa na miaka kumi na tisa. Hakutarajia kupewa nafasi ya tatu.

Hata hivyo mapenzi hayakungoja ajiridhishe. Kufikia Februari Emmett alikuwa akimpigia simu kila akitoka kazini.

"Zimamoto wangu, umezima meno mangapi leo?"

"Usinianze. Uko wapi?"

"Nyumbani. Nakuwaza."

"Nyumbani wapi? Kila siku nyumbani, nyumbani, na mimi hata mlango wake siujui."

Hapo sauti ya Emmett ilibadilika. Alisema nyumba ina mgonjwa, haifai kwa wageni. Mgonjwa gani, hakusema. Mara nyingine alikata simu ghafla katikati ya sentensi, na alipopiga tena alihema kama aliyekimbia. Dada yake Renata alisema bila kuficha kwamba huyo ana mke. Renata alikataa kuamini, kisha akaanza kumchunguza vidole kila wakikaa pamoja, akitafuta alama ya pete.

Darasani mambo yalikuwa ya ajabu zaidi. Profesa alifundisha kwa namna ya kumfanya mtu asahau kuandika. Alipoeleza sheria ya washukiwa ya mwaka 1793, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, jinsi jirani alivyoweza kumpeleka jirani kwenye kamati kwa neno moja tu, hakuna aliyekohoa. Lakini mara kwa mara alisimama ghafla, kidole hewani, na kabla kimya hakijawa kizito Emmett alinyoosha mkono. Je, Profesa, hapo unamzungumzia Robespierre? Profesa alimtazama, akashusha pumzi, akaendelea. Mwanzoni Renata alidhani ni majivuno ya mtu apendaye kuonekana anajua. Baadaye aligundua kwamba jicho la Profesa hukimbilia kiti kile kabla hata mkono haujanyooshwa.

Kisha insha zikasahihishwa. Profesa aliita majina, kila mtu akaenda kuchukua yake. Renata alipata alama ya wastani, akaumia. Jina la Emmett halikuitwa.

"Yako iko wapi?" alimuuliza nje, theluji ikiyeyuka na kuchuruzika kutoka paani.

"Nilishaichukua."

"Lini?"

"Mpenzi, unanihoji?"

"Nakuuliza tu. Basi niambie kitakachotoka kwenye mtihani, maana wewe unajua kila kitu."

Alisema kwa utani na kumshika kola, kama alivyokuwa akisema karibu kila wiki. Emmett hakucheka. Aliutoa mkono wake taratibu na kusema amechelewa.

Jumatatu, wiki moja kabla ya mtihani, Renata alipanda ofisini kwa Profesa kuuliza kuhusu insha yake. Mlango ulikuwa na kioo. Ndani hakumwona Profesa. Alimwona Emmett peke yake nyuma ya meza, kalamu mkononi, akifuta na kuandika upya kwenye karatasi ambayo kichwa chake kilisomeka vizuri hata kutoka pale mlangoni. Ulikuwa mtihani wao.

Alirudi nyuma bila kubisha hodi. Saa ya chakula cha mchana alimpigia Emmett, akamuuliza asubuhi ilikuwaje. Emmett alisema alishinda nyumbani. Alilisema kwa sauti ile ile tamu, akamwita zimamoto wake. Renata alikaa na simu mkononi, akikumbuka alama yake ya wastani, na nafasi yake ya chuo kikuu, na vidole alivyovichunguza wiki zote zile kama mjinga. Kabla hasira haijapoa alikwenda kwa mkuu wa idara, Daktari Philippa Achterberg, akaeleza alichokiona.

Hakusema wizi. Alisema anauliza tu. Lakini alijua anachokifanya.

Kesho yake, Jumanne baada ya kipindi, aliitwa. Profesa Thorsen alikuwa ameketi tayari, kofia magotini. Daktari Achterberg alimuuliza kwa heshima kuhusu mwanafunzi aitwaye Emmett Rowe, ambaye hayumo kwenye orodha ya chuo.

"Emmett ni mwanangu," Profesa alisema. "Anatumia jina la mama yake."

Renata alimtazama mzee, akitafuta macho ya Emmett usoni mwake.

Mkuu wa idara aliuliza kwa nini mwana anashika karatasi za mtihani. Profesa aligeuza kofia upande huu na upande ule. Basi mama yule akauliza jambo jepesi, pengine kwa kumhurumia, kwamba Alhamisi atafundisha nini.

"Kuvamiwa kwa gereza la Bastille," Profesa alijibu kwa uhakika. "Ni mwanzo mzuri."

Ilikuwa Aprili. Bastille walikuwa wameimaliza Januari, na asubuhi ile ile Profesa alikuwa amewaacha kwenye mahandaki ya vita vya kwanza vya dunia. Profesa alizitazama nyuso zao, akaelewa, na ule unyoofu wa mgongo wake ukalegea mbele ya macho yao.

Emmett alimkuta Renata kwenye ngazi za nje. Hakupaza sauti.

"Ungeniuliza."

"Nilikuuliza. Ulisema ulikuwa nyumbani."

"Alikuwa ametunga mtihani wa muhula uliopita, wote, kuanzia Luther na mageuzi ya kanisa. Nilikuwa naurekebisha ili msije mkaumia nyinyi. Alibakiza wiki chache tu astaafu, Renata. Wiki chache, aondoke akipigiwa makofi."

"Mimi ningejuaje? Ulinificha kila kitu."

"Nilikuficha kwa sababu kila wiki ulikuwa unaniuliza mtihani una nini. Wiki zote zile nilikuwa najiuliza kama unanipenda mimi, au umeshajua mimi ni mtoto wa nani."

Renata alitaka kumpiga kofi na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Emmett alishuka ngazi, koti la baba yake likimpepea nyuma.

Mwalimu mwingine aliletwa, kijana mwenye picha nyingi za ukutani na maneno machache. Renata alifanya mtihani, akapata alama aliyoitaka, na barua ya chuo kikuu ikafika. Dada yake alioka keki. Renata alikula kipande kimoja, akaenda chumbani kupiga simu ambayo haikupokelewa. Alipiga kesho yake, na keshokutwa. Alituma ujumbe wa kuomba radhi, akaufuta, akatuma mwingine mfupi zaidi. Wakati mwingine alijiambia alifanya haki, kwa kuwa darasa lile lilistahili mwalimu mzima. Wakati mwingine aliikumbuka ile kofia ikigeuzwa magotini, na haki hiyo ikakosa ladha.

Mwishoni mwa Mei simu ilipokelewa.

"Sikujua kama utapokea," Renata alisema.

"Hata mimi," Emmett alisema. "Baba anauliza yule msichana wa koti jekundu amekwenda wapi. Anauliza kila siku. Sijui nimjibu nini."

"Mwambie anakuja."

Nyumba ilikuwa juu ya kilima cha Troy Hill, mto na madaraja yakionekana chini. Emmett alifungua mlango akiwa amevaa aproni, mikono ina unga, amekonda. Hawakukumbatiana. Renata alisema alichokuja kusema akiwa bado kizingitini. Kwamba alikwenda kwa mkuu wa idara kwa hasira, wala haikuwa kwa ajili ya darasa. Kwamba alimshuku ana mke, kisha akamshuku ni mwizi, na hakuwahi kumshuku kuwa ni mtoto anayemtunza baba yake. Emmett alimsikiliza hadi mwisho.

"Mimi nilikushuku unanitumia," akasema, "nikaendelea kukupigia simu kila siku. Sasa mjinga hapo ni nani?"

"Wote wawili."

Ndipo alipocheka, kidogo sana, na kumsogezea njia. Alisema mkate umekwisha, duka liko chini ya kilima, na tangu Aprili hajawahi kumwacha mzee na mtu yeyote. Alivua aproni, akachukua funguo, akatoka. Renata alisikia gari likishuka, akaelewa uzito wa alichoachiwa.

Profesa alikuwa jikoni karibu na dirisha, tai imefungwa vizuri kama zamani. Alimtazama kwa adabu.

"Na wewe ni nani?"

Renata alivuta kiti. Angeweza kusema lolote. "Ni mimi niliyekushitaki kwa Daktari Achterberg."

"Hilo nalikumbuka," Profesa alisema. "Nauliza, wewe ni nani kwa Emmett."

Renata alitazama mlango aliotokea Emmett. Mzee alirudisha macho mtoni na kusema, bila kuulizwa, kwamba ni yeye mwenyewe aliyepaswa kwenda kwa Philippa Achterberg tangu mwaka jana. Alijua, akaogopa, akamtwisha mwanawe. Alisema hawezi kumshukuru Renata kwa hilo, ila haendi kulala akimlaumu. Kisha akauliza kama kuna kahawa.

Emmett aliporudi aliwakuta wanakunywa. Alisimama mlangoni na mkate kwapani, akiwatazama kana kwamba anahesabu kilichovunjika.

"Baba yako ameniuliza mimi ni nani kwako," Renata alisema.

"Umemjibu nini?"

"Nimekungoja wewe."

Emmett aliweka mkate mezani. Alianza kuukata, vipande vinene visivyolingana, masikio yakimwiva.

"Baba, huyu ni Renata. Mchumba wangu, akikubali."

"Hiyo ni posa, au unamridhisha mzee?" Renata aliuliza.

"Ni posa. Nimechoka kuficha mambo."

Renata alimshika mkono uliokuwa na kisu, akaukalisha mezani, akasema anakubali. Alilazimika kulisema mara mbili, kwa sababu la kwanza halikutoka.

Profesa aliwaangalia mmoja baada ya mwingine, uso umemkunjuka. Alinyoosha mkono, akachukua kipande cha mkate.

"Kesho mniambie tena," alisema. "Nitakuwa nimesahau, na ningependa kufurahi upya."