Sikukuu ya Fundi Cherehani

Kila sikukuu ilipokaribia, barazani kwa fundi cherehani palikuwa hapapitiki. Huyu anapimwa kiuno, yule anadai gauni lake. Pesa iliingia, lakini ilitoka mbio zaidi. Fundi alipokea malipo ya awali ya wateja, akanunulia nyama na viatu vya watoto, tena kwa bei ya kukomoa. Uzi ukiisha, hana cha kununulia. Basi akapokea kazi za dakika za mwisho, na siku ya sikukuu yenyewe mumewe na watoto wakala bila yeye.

Mwaka ule binti yake mdogo alimpelekea sahani pale cherehanini, akasimama.

"Mama, kwani sikukuu ni ya wateja tu?"

Fundi alicheka, lakini swali lilimchoma moyo. Kesho yake akamsimulia jirani yake, muuza vitambaa.

"Mwenzangu," jirani akasema, "sikukuu inakushtuaje, na tarehe yake unaijua?"

"Sasa nifanyeje, na kipato chenyewe cha kuokoteza?"

"Piga hesabu ya ulichotumia safari hii, kabla hujasahau. Kigawe kwa miezi iliyo mbele. Fungu hilo liweke kila mwezi kabla hujagusa kingine. Viatu nunua mapema, bei ikiwa imetulia. Na pesa ya mteja ni ya kazi ya mteja."

"Mimi nikae na pesa ndani? Nitaidokoa tu."

Mume wa fundi, yeye mchomelea vyuma, aliyasikia hayo. Jioni akaleta kisanduku cha chuma kilichochomelewa pande zote, kina tundu la kutilia pesa tu.

"Kinafunguliwaje hiki?"

"Kwa msumeno wangu. Na sikati mpaka ibaki miezi miwili kabla ya sikukuu, hata ulie."

Mwezi wa kazi haba fundi alitia kidogo, mwezi wa neema akafidia. Siku moja alimbembeleza mumewe akate. Mume akajifanya kiziwi. Wakati ulipofika, kisanduku kikakatwa. Viatu vikanunuliwa, na pesa ya nyama ikabaki. Malipo ya wateja yakanunua uzi wao, na nguo zote zikatoka mapema.

Sikukuu ilipofika, familia ilikuwa mezani. Mteja akaingia anahema, kitambaa mkononi.

"Fundi, niokoe! Nitakulipa mara mbili!"

Watoto wakaacha kutafuna, wakamtazama mama yao.

"Kaka, leo fundi hayupo," akajibu, akimsogezea kiti. "Aliyepo ni mama yao hawa. Karibu tule."