Machozi Yasiyo na Mafuta

Kila asubuhi Virginie aliwasha moto nyumbani kwa dada yake mkubwa, Kaswera, huko Butembo. Jiko halikuwa na dirisha, na kuni za mikaratusi zilikuwa mbichi. Moshi ulijaa mpaka kuku wakakimbia. Virginie aliinama, akapuliza, na maji yakamtiririka mashavuni.

Hakuna aliyeshangaa. Macho ya Virginie yalitoa maji saa zote: akifagia, akila, akisali.

"Mumuache," watu wa kiwanja walisema. "Ni mukimbizi. Analilia mutoto wake."

Ni kweli alikuwa na wa kulilia. Miaka miwili nyuma alikaa karibu na Mutwanga, akilima kakao. Siku moja watu wenye mapanga walitoka msituni. Binti yake Joyeuse, mtoto wa miaka tisa, alikuwa ametumwa kupeleka maji shambani. Hakurudi. Askari walifika siku ya tatu. Waliwazika waliouawa wote pamoja, haraka haraka, na mama hakuonyeshwa mahali. Virginie alipanda pikipiki na vikwembe vyake viwili, vitenge vya kujifunga, akaja Butembo.

Kitu kimoja tu cha mtoto alikibeba: picha ya masomo, iliyopigwa shuleni. Ni darasa la nne, watoto arobaini, wote vichwa vimenyolewa, wote shati jeupe na nguo ya bluu. Sura zao ni ndogo kama punje za mahindi. Aliifunga ndani ya nailoni, akaificha kati ya vikwembe. Jioni, akiwa peke yake, aliitoa. Aliweka kidole kwenye mstari wa pili, kwa mtoto wa tatu. Tangu jioni ya kwanza macho hayakuona vizuri, lakini kidole kilipajua mahali.

Mchana alifanya kazi kwenye depo ya kahawa. Wanawake walikaa chini, wakichagua punje nzuri na kutupa mbaya. Vumbi la maganda liliruka. Virginie alisikia kama mchanga chini ya kope. Macho yalimwasha, yakawa mekundu. Alitazama vitu kama mtu anayetazama kupitia nailoni.

Siku moja msimamizi, mzee Lusenge, alichota kahawa yake kwa mkono.

"Mama Joyeuse, hii nyeusi hukuiona? Na hii? Hii ni jiwe! Batu ba Ulaya bakunywe mawe?"

Wanawake wakacheka. Lusenge mwenyewe hakucheka, maana aliona maji yakimshuka.

"Usilie, mama. Hapana kukufukuza. Mais uende kwanza utengeneze macho, njo urudie."

Virginie hakuwa analia. Alitaka kumwambia hivyo. Badala yake akachukua kikwembe chake, akaenda.

Siku tatu alilala akitazama ukuta. Kaswera alimletea bugali, akaondoa bugali bila kuguswa.

"Leki yangu, mudogo wangu, amuka. Kanisani balitangaza: ku kituo cha macho kuko machine ya taa. Inaponyesha macho makavu."

"Makavu?" Virginie alijibu bila kugeuka. "Dada yaya, yangu inavuja kama bati ya zamani. Uende weye."

"Tutaenda bote. Kama hutaki, nitasema ni miye mugonjwa, na haya itakuwa yako."

Hapo Virginie aliamka, kwa kuchoka kubishana.

Kwenye kituo walikutana na Jokébed, muuguzi wa macho, mama mwenye sauti ya taratibu. Aliuliza mengi. Inauma tangu lini? Unapika na nini? Unakunywa dawa gani? Ulishawahi kuanguka kifafa? Kisha akammulika kwa taa ndogo, akashika ukingo wa kope, akaubana polepole.

"Mama, macho yako ni makavu."

"Na hii maji yote ni ya nini?"

"Njo hapo batu banakosea," Jokébed alisema. "Machozi haiko maji tu. Iko na mafuta juu yake. Mafuta inatoka mu matundu madogo, hapa ku kope. Inafunika maji, isikauke. Weye matundu imezibana. Nilipobana, mafuta ilitoka nzito kama dawa ya meno. Sasa maji ikitoka inakauka mbio. Jicho linawaka. Likiwaka, linaita maji ingine mingi. Ile nayo haina mafuta, inamwangika tu. Donc uso umeloa, na jicho lina kiu."

Kaswera akapiga makofi. "Kumbe! Na taa inafanya nini?"

"Mawese yako mu chupa, asubuhi na baridi ya Butembo, inakuwaka namna gani?"

"Inagandana. Unageuza chupa, haitoke."

"Unafanya nini?"

"Naweka chupa ku jua."

"Basi. Taa ni lile jua. Ni mwangaza mwekundu, wa pole. Inapasha kope joto, mafuta inalainika, inatoka. Unafunga macho, dakika kumi na tano. Hapana kuuma. Unarudia kila juma, mara nne."

Kaswera alifikiri kidogo. "Mais Gamaliel wa saluni naye alileta taa toka Dubai. Inatoa nywele. Yeye eko karibu na kwetu."

"Hapana, mama!" Jokébed aliinua mkono. "Ile inapiga kwa nguvu. Kuko munganga wa macho mwenye kuitumia, anajua kuipima, anafunika macho kwanza. Lakini ngozi nyeusi kama yetu inaweza kuungua. Mu saluni, ku kope, hapana kabisa. Na musiende kutazama jua, ao taa ya soudeur mwenye kuunga vyuma, ao torche. Ile inaua jicho."

Jokébed akachukua kifuniko cha uso cha plastiki chenye taa ndani. Virginie alikisukuma.

"Sitaki."

"Unaogopa?"

Virginie alifuta mashavu. Sauti yake ilitoka chini.

"Mutoto wangu hana kaburi. Hana nguo, hana kitu. Hii machozi njo kitu namupatia kila siku. Mukiikausha, nitamupatia nini?"

Nje mashine ya umeme ilinguruma. Jokébed akavuta kiti, akakaa magoti kwa magoti naye.

"Mama Joyeuse, hii maji inatoka ku moshi na ku vumbi. Ya roho, ile hatuwezi kuigusa. Hatuna machine yake. Ukitoka hapa, ile utakuwa nayo bado."

Virginie alitazama sakafu. Baadaye akafumba macho, akainua uso.

Mwangaza ulikuja mwekundu kupitia kope, kama ukielekeza uso kwenye jua la saa tatu. Joto likaingia polepole. Hakuhisi furaha. Alihisi tu kwamba kuna mtu amemgusa uso, na kwamba hakuguswa hivyo muda mrefu.

"Taa peke yake haitoshe," Jokébed alisema mwishoni. "Asubuhi na mangaribi, uchemshe maji, uache ipoe mpaka mukono uvumilie. Uloweke kitambaa safi, uweke juu ya macho yamefungwa, dakika kumi. Kikipoa, ukipashe tena. Kisha usukume kope polepole: ya juu ushushe, ya chini upandishe, kuelekea ku manyoya ya macho. Usafishe ukingo wake. Na moshi, mama! Mutoboe dirisha mu jiko. Hii ugonjwa inarudiaka. Haiponi siku moja ikakwisha. Ikiuma sana, ao ukiona giza, ukuje mbio."

"Wasingya," Virginie alisema. Asante.

Kaswera mwenyewe alitoboa ukuta wa jiko kwa jembe. Virginie aliweka kitambaa asubuhi na mangaribi. Juma la kwanza halikubadilisha kitu. Juma la pili, vilevile, na habari zikaja kwamba karibu na Mavivi nako watu wameuawa. Alitaka kuacha. Kaswera alimletea maji ya moto na kitambaa. Juma la tatu mchanga ulipungua. Baada ya mara ya nne ya taa, Virginie aliketi mlangoni akaona manyoya ya shingo ya kuku, moja moja.

Aliinuka. Akaenda kwenye vikwembe, akatoa picha.

Kidole kilikwenda mahali pake, mstari wa pili, mtoto wa tatu. Aliangalia chini ya ukucha. Akaangalia tena.

"Yaya!"

Kaswera alikuja mbio na mwiko mkononi.

"Huyu si Joyeuse."

Alipeleka macho kwenye sura moja, nyingine, nyingine. Mwisho kabisa wa mstari, nusu amefichwa na bega la mwenzake, alisimama mtoto ambaye kifungo cha shati lake kilikuwa kimekatika. Virginie alikuwa ameahidi kukishona.

"Njo yeye, huyu hapa," alisema. "Miaka mbili nililia kwa mutoto wa mwengine."

"Huyu mwengine ni wa nani?"

"Wa Agar. Aliuzishaka makemba, ndizi za kupika, karibu na masomo." Alirudisha kidole kwa yule wa tatu. "Agar na batoto bake bote balibaki mu shamba ile siku. Hakukuponyoka mutu."

Kaswera alikaa chini, mwiko juu ya mapaja.

"Basi," alisema, "alipata mwenye kumulilia."

Hapo machozi yalikuja. Yalikuwa mazito, hayakuwasha. Yalitoka kwa muda wake, yakakoma, na picha ikaonekana tena.

Juma lililofuata Virginie alirudi depo. Mzee Lusenge alichota kahawa yake, akaigeuza, hakukuta jiwe, akairudisha. Picha haikurudi ndani ya nailoni. Aliitundika ukutani, juu ya sufuria ya maji ya moto. Kila asubuhi, akimaliza kitambaa, anafungua macho na kumwangalia kwanza yule wa tatu, kisha yule wa mwisho.