Biti Isiyoonekana Kisandukuni

Karakana ilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba. Seremala alifanya kazi humo na shemeji yake, kaka wa mkewe, kwa miaka tisa. Walitengeneza vitanda. Kila kipimo walikitaja kwa mistari ya tepu, kwa kuwa inchi moja ilikuwa na mistari kumi na sita, na hakuna aliyewahi kuwadai hesabu zaidi ya hiyo.

Asubuhi moja waliamua kutumia boliti badala ya misumari. Seremala alipima unene wa boliti. Mistari sita.

"Shemeji, nipe biti ya sita juu ya kumi na sita."

Shemeji alifungua kisanduku kipya cha biti za keekee, vile vyuma vya kutobolea mbao. Alisoma namba zake: 1/4, 5/16, 3/8, 7/16.

"Haimo."

"Tano imo, saba imo, sita iende wapi? Imeota miguu?"

"Labda imeolewa. Tazama mwenyewe, hakuna hata tundu lililo wazi."

Seremala alitazama. Kila tundu lilikuwa na biti yake. Ushahidi huo ungemtosha mtu mwingine. Yeye alijiambia kwamba mwizi hodari huziba pengo.

"Ufunguo wa hapa unakaa na wewe," alisema.

Shemeji aliuweka ufunguo mezani, akafuta mikono, akaondoka. Dada yake alikuwa mlangoni. Alisikia yote.

"Kaka yangu hajaiba," alimwambia mumewe.

"Nani kasema ameiba? Nimesema ufunguo."

Seremala alitoboa kwa biti ya 7/16. Boliti zikacheza. Kitanda cha kwanza kilirudishwa siku ya nne, kimelegea kama jino la mtoto.

Ndipo mke alipomwita jirani yao, mama aliyefundisha hesabu katika chuo cha ufundi. Mwalimu alisoma kisanduku, kisha akaomba kipande cha ubao na penseli. Akaandika 6/16.

"Namba gani inagawanya sita na kumi na sita, zote mbili, bila baki?"

"Mbili," alijibu seremala.

"Gawanya juu na chini kwa mbili hiyo hiyo."

Ikawa 3/8.

"Kuna namba nyingine ya kugawanya tatu na nane pamoja?"

"Moja tu."

"Basi umefika mwisho. Sehemu imerahisishwa."

"Mwalimu, umenipunja. Sita imekuwa tatu."

"Shika tepu. Gawa inchi vipande kumi na sita, uchukue sita. Sasa igawe vipande vinane, uchukue vitatu. Kila kipande kimekuwa kikubwa mara mbili. Kidole chako kimesogea?"

Hakikusogea.

Mwalimu akatoa kikokotoo cha kisayansi. "Bonyeza 6. Kisha kitufe hiki cha sehemu, chenye visanduku viwili, kimoja juu ya kingine. Kisha 16, na alama ya sawasawa."

Kioo kikaonyesha 3/8.

Wakajaribu 40/64. Kwa mkono waligawanya kwa mbili mara tatu: 20/32, 10/16, 5/8. Kikokotoo kilitoa 5/8 papo hapo.

"Anza kwa mkono, hiki kihakiki," alisema mwalimu. "Ukibonyeza kosa, kitakujibu kosa lako bila kusita."

Seremala alitoboa kwa biti ya 3/8. Boliti ikabana.

"Kumbe ilikuwemo," alisema.

"Mwalimu amekuonyesha kwa hesabu," alisema mkewe. "Mimi nilikwambia bila hesabu."

Kesho yake seremala alimfuata shemeji katika karakana nyingine alikohamia kazi, akiwa na kile kipande cha ubao. Alimweleza hatua zote. Shemeji alisoma taratibu.

"Hesabu ni sahihi."

"Basi rudi, shemeji."

"Umekuja kwa sababu biti imeonekana. Isingeonekana, ningekuwa mwizi mpaka leo."

Akamrudishia ubao, akaendelea kupiga randa.

Vitanda havirudishwi tena. Seremala hurahisisha kila kipimo kwa penseli, kisha huhakiki kwa kikokotoo. Anapokata ubao mrefu, upande wa pili, uliokuwa ukishikwa na shemeji, huuegemeza ukutani.