Kijiko cha Bibi na Chupa Zinazolipuka

Huhitaji kuelekezwa nyumbani kwa Mama Pilipili. Fuata chafya tu. Siku ya kupika, anayepita barabarani hupiga chafya, anayebisha hodi hupiga chafya, na paka wa nyumba hiyo alishahamia kwa jirani.

Asubuhi hiyo jikoni kazi ilikuwa imepamba moto. Mama Pilipili alikuwa amemaliza kukata vikonyo vya pilipili kwa kisu kidogo, sasa alikuwa akikoroga sufuria. Mume wake, fundi cherehani, alikuwa akimenya vitunguu huku machozi yakimtiririka. Mama mzazi wa fundi, ambaye mtaa mzima humwita Bibi, alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na jiko. Yeye kazi yake ilikuwa kusimamia, na aliifanya kwa mdomo.

"Koroga, mwanangu, koroga! Ikishika chini tumekwisha."

"Nakoroga, mama."

"Unaikoroga kama unaiogopa. Ikoroge kama inakudai!"

Mama Pilipili alicheka na kuongeza mwendo. Alimpenda mama mkwe wake huyu, pamoja na maneno yake yote. Sosi ya pilipili iliyowalisha ilikuwa ya Bibi tangu zamani, na ni Bibi aliyemfundisha kuipika.

Sosi iliiva. Wakaiacha ipoe, wakaimimina kwenye chupa. Hapo ndipo Bibi aliponyanyuka. Alichukua mtungi mdogo wenye sosi ya zamani, akatia kijiko kimoja katika kila chupa, kisha ndipo chupa zikafungwa.

"Sosi ya jana humfunza ya leo," alisema, kama alivyosema kila mara. "Bila hiki kijiko, ladha itapotea njia."

Kijiko hicho kilikuwa siri ya nyumba. Hata Fundi Baridi, jirani anayetengeneza mafriji, alikuwa hakijui, na Fundi Baridi ni mtu wa kujua kila kitu.

Kabla hawajamaliza, mlango ukasukumwa. Aliingia mwenye duka, yule aliyekuwa akiwauzia wateja sosi yao. Shati lake jeupe lilikuwa jekundu kifuani kote.

"Mungu wangu! Nani kakuchoma kisu?" fundi akapiga kelele.

"Mkeo!" akajibu mwenye duka. "Chupa yake imelipuka rafuni! Kizibo kimeruka hadi kwenye dari. Mteja wangu kalala chini akidhani tumevamiwa!"

Bibi aliziba mdomo kwa kanga yake, lakini mabega yalikuwa yakitikisika kwa kicheko. Mama Pilipili hakucheka. Hii haikuwa mara ya kwanza.

"Mama Pilipili," mwenye duka akaendelea, sasa kwa upole, "wateja wanaipenda sosi yako. Mimi mwenyewe siwezi kula bila hiyo. Lakini zilizobaki nimezitoa nje, nimezifunika karai kama kuku. Nipe chupa ambazo hazilipuki. Zikilipuka tena, sitazipokea milele."

Mwenye duka alipoondoka, Mama Pilipili aliketi kwenye gunia la vitunguu. Cherehani ya mumewe ilisaidia, lakini nguzo ya nyumba ilikuwa sosi. Duka lile likiwafungia mlango, maduka mengine nayo yatasikia. Aliogopa, na hakuona haya kusema hivyo.

"Naogopa, mume wangu. Sijui ninakosea wapi."

Kichwa cha Fundi Baridi kikachomoza nje ya dirisha, juu ya ukuta wa ua. Alikuwa amesikia yote, bila shaka.

"Nendeni kituo cha teknolojia," alisema. "Kile cha taifa, jengo la vioo baada ya soko. Mimi friji langu la umeme wa jua lilinishinda. Nikaenda, wakanikutanisha na mtafiti, tukalichokonoa pamoja. Leo linagandisha hata maneno."

"Huko ni kwa wasomi na viwanda vikubwa," fundi cherehani akasema.

"Nani kakwambia? Mimi ni kiwanda kikubwa?"

Bibi alikuwa amenuna. "Wataiba mapishi yetu. Siri ya mtungi aijuaye kata."

"Na mficha uchi hazai, Bibi," Fundi Baridi akamjibu, kisha akateremka haraka kabla kigoda hakijamfikia.

Kesho yake walikwenda wote watatu. Bibi alisema anakwenda kulinda mali yake. Kabla hawajaingia, alimvuta mkwewe pembeni. "Waambie yote, lakini kijiko usikitaje. Niahidi." Mama Pilipili akaahidi.

Mtafiti mmoja, mwanamke mwenye koti jeupe, aliwapokea kwa tabasamu. Wenzake walimwita daktari. Bibi aliposikia neno hilo, alinyoosha mguu palepale.

"Afadhali nimekukuta. Goti hili linanisumbua."

"Pole, bibi yangu. Mimi ni daktari wa vyakula. Magoti siyawezi."

"Sasa chakula kinaumwa nini mpaka kiwe na daktari wake?"

"Cha kwenu si kinalipuka?"

Bibi akavuta mguu wake.

Mtafiti aliwaeleza kazi ya kituo. "Kule vyuoni kuna watu wanaotafiti mambo mengi. Huku mitaani kuna watu wenye biashara na matatizo ya kweli. Mara nyingi hawajuani. Sisi hapa ni washenga. Tunawakutanisha, wazungumze, ili utafiti usibaki kabatini na biashara isibaki na tatizo lake."

"Mshenga huwa anataka chochote," Bibi akasema.

"Huyu analipwa na taifa, Bibi. Na mapishi yenu yatabaki yenu. Tunatia saini kabisa kwamba hatutamwambia mtu."

Walipitishwa kwenye ghala. Pembeni palikuwa na mashine iliyofunikwa turubai. "Hii inakata vikonyo vya pilipili," mtafiti akasema. "Wanafunzi wa uhandisi waliitengeneza. Inafanya kazi, lakini hatujapata mtu wa kuitumia."

Mama Pilipili aliijaribu. Ilimbidi asimame kwa ncha za vidole. "Hii imetengenezewa twiga!" akacheka. "Ishusheni nikae. Na matundu haya ni makubwa, pilipili nzima inapita." Kijana mmoja wa uhandisi aliruka kwa furaha kama aliyeshinda bahati nasibu. Kumbe muda wote alikuwa akingoja mtu wa kumwambia hivyo.

Kisha wakaingia katika jiko la kituo. Mama Pilipili alipika sosi yake kama kawaida, ila kijiko hakikutajwa wala hakikutiwa. Chupa ziliwekwa kwenye kabati lenye joto. "Joto linaharakisha mambo," mtafiti akaeleza. "Kama zina nia ya kulipuka, zitalipuka humu." Bibi alikaa mbele ya kabati, mwavuli ukiwa wazi.

Hazikulipuka. Siku zikapita, chupa zimetulia tuli. Mama Pilipili alirudi nyumbani akiimba. Akapika tena. Bibi akatia kijiko chake katika kila chupa. Wiki haikuisha, pa! Chupa ikapasuka juu ya kabati la nguo za wateja, na suruali ya bwana harusi ikageuka rangi.

Fundi aliiokota suruali ile, akaikunjua. Mama Pilipili alilia, kilio cha kweli. "Mwenye duka anangoja chupa zangu. Nitampelekea nini? Hizi?"

Bibi alikuwa akiutazama mtungi wake.

Mchana, walipomwita, mtafiti alikuja nyumbani. Alisimama jikoni, akapiga chafya, akatazama huku na huku. "Kule kituoni zilitulia. Hapa zinapasuka. Maji ni yaleyale, pilipili ni zilezile. Basi kuna kitu hapa ambacho kule hakikuwapo."

Mama Pilipili aliinamisha kichwa. Alikuwa ameahidi.

"Ni kijiko changu," Bibi akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. Alieleza yote, kisha akausukuma mtungi mbele. "Mama yangu alifanya hivi, nami nikafanya. Kumbe ninaibomoa nyumba ya mwanangu kwa mkono wangu. Umwageni."

"Hapana, Bibi, usiumwage!" mtafiti akasema. Alivuta gunia, akaketi karibu naye. "Nisikilize. Katika sosi ya zamani kuna vijidudu vidogo, ndugu zake hamira. Unajua hamira inavyoumua unga?"

"Najua. Inapumua."

"Ndivyo. Ukivitia katika sosi iliyokwisha poa, vinakuta chakula. Vinakula, vinatoa hewa. Chupa imefungwa, hewa haina pa kutokea. Mwisho?"

"Pa!" fundi akajibu, akiishika suruali.

"Zamani mama yako alifunga chupa kwa kitu gani?"

Bibi akafikiri. "Kwa kitambaa na uzi."

"Hewa ilikuwa ikitoka. Vizibo vya siku hizi vinabana. Kijiko chako hakina kosa. Kimechelewa tu. Kitie kwenye sufuria *kabla* ya kuchemsha. Moto utaua vijidudu, ladha itabaki."

Basi wakapika hivyo. Bibi mwenyewe alitia sosi ya mtungi ndani ya sufuria, ikachemka pamoja na mpya. Mtafiti aliwaonyesha na mengine. Chupa zichemshwe kwanza. Sosi imiminwe ingali moto, si baada ya kupoa. Chupa ikifungwa, ipinduliwe kidogo, ili sosi ya moto iguse kizibo nacho kisafike. Aliwapa pia vipande vya karatasi vya kupimia ukali wa siki iliyo katika sosi. "Siki ikiwa haba, vijidudu vinapata nafasi. Chovya, tazama rangi, linganisha. Usipime kwa ulimi."

"Ulimi wangu je, nao ustaafu?" Bibi akauliza.

"Ulimi wako ndio tunauhitaji sasa."

Mtafiti alipanga visosi vitatu mezani. Kimoja kilikuwa na sosi ya zamani, kimoja isiyo na kijiko, kimoja hii mpya iliyochemshwa na kijiko ndani yake. Bibi akafumba macho. Alionja cha kwanza, akalamba midomo. Alionja cha pili, akakunja uso. Alionja cha tatu, na chozi likashuka. Lilikuwa la pilipili, au halikuwa la pilipili.

"Hii," akasema. "Hii ndiyo ya mama yangu."

Ilikuwa ile mpya. Mama Pilipili alimkumbatia hadi kigoda kikaanguka.

Chupa ziliwekwa tena kwenye kabati la joto, safari hii za kijiko. Bibi alikwenda kuzitazama bila mwavuli. Hazikulipuka.

Siku ya kupeleka dukani, mwenye duka aliwapokea akiwa amevaa koti la mvua, kofia yake hadi kwenye nyusi, na jua linawaka nje. Wateja walijificha nyuma ya magunia ya mchele. Alishika chupa mbali na uso wake. Akageuza kizibo polepole, jicho moja limefumbwa.

Tik.

Hakuna kilichoruka. Mwenye duka alifungua jicho la pili. Akachovya kidole, akalamba, akavuta pumzi, na machozi yakamtoka kwa raha.

"Ndiyo yenyewe! Nileteeni zote! Nazipanga rafu ya mbele!"

Wateja walitoka nyuma ya magunia wakipiga makofi. Mama Pilipili alicheka mpaka akashika kaunta. Nyumbani mashine ya vikonyo ilikuwa inamngoja, sasa imeshushwa, na kijana wa uhandisi alikuwa ameahidi kuja kumsikia ana lawama gani nyingine. Fundi alikuwa amemshonea bwana harusi suruali mpya. Mambo yalikuwa yamenyooka.

Bibi alimsogelea mwenye duka, akamvuta kofia ya koti kwa kidole kimoja.

"Vua hilo, mwanangu," akasema. "Mvua imekatika."