Kabati la Siku Tisini

Jioni ile nilikwenda ghalani kupima kabati tu. Urefu, upana, kina, nifunge mlango, nirudi nyumbani nikale. Fundi seremala alitaka kulinunua, na hela yake nilikuwa nimeshaitumia kichwani mara mbili.

Kazi yetu ni hii. Nyumba ikiungua au ikiingiliwa na maji, tunaitwa mimi na kaka yangu. Tunasugua masizi, tunaanika magodoro, tunatoa harufu. Vilivyopona tunavihifadhi ghalani mpaka mwenyewe apate pa kukaa. Bei yetu ni ya nafasi: kitu kinakula futi ngapi za sakafu, kwa miezi mingapi. Na kwenye harufu, jamani, sijisifu. Haya, najisifu! Nifunge macho, niletee shati, nitakwambia lilining'inia chumba gani moto ulipoanza. Mimi niliishia darasa la sita, lakini pua yangu ilifika chuo kikuu.

Bei alikuwa anapanga kaka. Bahili wa kutupwa. Aliwahi kumtoza mjane nafasi ya mwavuli. Sasa siku mama mmoja wa viatu vyeupe alipoleta kabati lake, kitu pekee kilichopona nyumba yake ilipoteketea, kaka akanivuta pembeni.

"Huyu usimtoze," akaninong'oneza.

"Hata kidogo?"

"Hata senti. Andika bure."

Kabati lilinuka moshi mpaka macho yakaniwasha. Nikamwambia yule mama kwamba harufu hiyo itachukua wiki nzima kutoka. Akanitazama kama nimemtukana.

"Moshi gani, baba? Mimi sisikii kitu."

Siku hiyohiyo kaka akanisogezea fomu. "Mdogo wangu, umekua. Kuanzia leo wewe ndiye mwenye ghala. Tia sahihi hapo kwenye mtunzaji."

Miaka kumi na tisa nilikuwa nayangoja maneno hayo. Nikasaini kwa madaha, nikaliwekea jina langu mkia mrefu chini yake. Sharti la ghala nalijua, liko hata ukutani: mteja akilipa, hata kidogo, mali inabaki yake. Siku tisini zikipita bila malipo na bila mtu kuja kuchukua, mali ni ya mtunzaji.

Nililisugua kabati lile kwa siki. Kwa magadi. Nikalijaza mkaa, nikalitoa juani wiki mbili. Harufu haikutoka. Mimi huyu, nishindwe na kabati!

Jioni ile ilikuwa ya tisini.

Nikafungua ghala. Harufu ikanipokea mlangoni, nzito kuliko siku zote. Na haikuwa ya mbao. Ilikuwa ya nywele zinazoungua...

Kwa nje kina kilikuwa futi mbili. Nikafungua mlango wa kabati, nikasukuma ncha ya tepu ndani igonge ubao wa nyuma. Futi mbili. Tatu. Tano... haijagonga. Saba. Tisa...

Kisha ikashikwa.

Taratibu tu, kama mtu anayekusaidia kupima. Ikavutwa kidogo. Ikatulia. Ikavutwa tena. Krrr... krrr... Nikaiachia, ikaingia yote na kasha lake.

Mwanga wa mwisho ukatoka dirishani.

Na harufu ikakatika. Papo hapo, kama bomba lililofungwa.

"Nimekushinda!" nikasema kwa sauti. Mjinga mimi.

Nyuma yangu mtu akakohoa. Alikuwa yule mama, amesimama mlangoni, leso puani, machozi yanamtiririka.

"Kumbe linanuka hivi," akanong'ona. "Miaka minane... kumbe ndivyo linavyonuka."

"Mama, mbona mimi sasa hivi sisikii..."

"Mwenyewe hasikii, baba. Wanaosikia ni wengine." Akarudi hatua moja nyuma. "Nimeunguliwa na nyumba tatu. Ya mwisho, mume wangu alikuwa ndani. Nililitupa, likarudi. Nililiuza, likarudi. Haliondoki mpaka mtu alipokee kwa mkono wake, alitunze, na asilipwe kitu."

"Basi lipa! Lipa hata senti moja!"

"Jua limezama." Akanikazia macho. "Lakini kaka yako alisema umekubali. Kiwanja changu nimempa kwa ajili hiyo. Hajakwambia?"

Kiwanja. Kile alichoniambia amenunua kwa mkopo. Mwezi mzima nilikuwa nambebea mawe ya msingi. Bure, kwa sababu ni kaka.

Nikampigia. Akapokea.

"Kaka, umenifanyia nini?"

"Ulisaini mwenyewe, mdogo wangu." Akakata. Tangu siku hiyo hajapokea simu yangu, wala hajakanyaga ghalani. Mama yetu mmoja, sahani tulikula moja.

Nililifungia kabati ghalani kwa kufuli mbili. Nyumbani, mama watoto alinifungulia mlango akarudi nyuma, mkono puani.

"Umetoka wapi wewe? Unanuka nyumba iliyoungua."

Nikanusa shati langu. Nikanusa viganja. Sabuni tu. Pua hii, ambayo haijawahi kunidanganya!

Alfajiri kabati lilikuwa sebuleni kwetu. Tepu yangu imening'inia mlangoni mwake, imevutwa hadi futi ya tisa. Na chumbani watoto walikuwa wanakohoa, wote watatu, kwa pamoja.

Msinitazame hivyo. Mngekuwa na watoto watatu, mngefanya nini?

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa amekuja kutafuta kazi. Mchapakazi, mcheshi, ananiheshimu kama baba yake. Nililirudisha kabati ghalani kama mteja, jina langu kwenye mstari wa mteja. Mahali pa bei nikaandika bure. Kisha nikamsogezea fomu.

"Shemeji, umekuwa mtu mzima. Kuanzia leo wewe ndiye mwenye ghala."

Alisaini akicheka kwa furaha. Jina lake akaliwekea mkia mrefu chini yake.

Tangu hapo kabati halijarudi kwangu, na watoto wanalala. Zimebaki siku kumi na mbili. Kila jioni tukifunga ghala, shemeji hukunja uso na kuniuliza:

"Hivi shemeji, huu moshi wewe huusikii?"

"Moshi gani?" namjibu.