Unga Wenye Picha ya Tembo

Siku ya mnada ikiangukia Jumamosi, mimi na mjukuu wangu Hasna huamka mapema, tukajaza vitunguu kwenye matenga na kuteremka navyo hadi uwanjani. Mimi huuza, yeye hunisaidia kupanga mafungu. Lakini Jumamosi ile Hasna alikuwa na kazi yake mwenyewe. Alishika kalamu mbili na karatasi thelathini za maswali kutoka shuleni.

Hasna alikuwa darasa la sita hapa Karatu mjini. Klabu yao ya ujasiriamali ilitaka kutengeneza unga wa lishe wa mahindi, ulezi na karanga. Mwalimu Leodegar, mlezi wa klabu, aliwaambia, "Tusitengeneze kitu kwa kukisia. Kwanza tuwaulize wanunuzi wanataka nini." Hasna akachaguliwa kwenda kuuliza, kwa sababu ana mwandiko mzuri na mnadani ni kama kwao.

Kazi ikamshinda mapema.

"Shikamoo mama. Naomba kukuuliza maswali matano kuhusu unga wa uji."

"Marahaba. Matano? Mwanangu, gari la Mang'ola linaniacha!"

Akamwendea mzee Kakuta, aliyekuwa anavuta mbuzi wake. Mzee akacheka. "Binti, mimi nimeleta mbuzi sita, wewe unaniuliza uji? Kawaulize akina mama."

Kijana mmoja muuza viatu alimwuliza, "Mnatoa soda? Hamtoi? Basi jaza mwenyewe, andika nimesema ndiyo."

Mpaka saa sita, jua likiwa utosini na vumbi likiwa puani, Hasna alikuwa amepata watu wanne tu. Nikamwona ameketi nyuma ya matenga yangu, ameinama, anaandika bila kupumzika. Nikajisemea, mtoto huyu anajituma. Nikamnunulia kipande cha muwa. Laiti ningeuliza anaandika maneno ya nani!

Mwalimu alipozihesabu karatasi zile, aliona wanunuzi wengi wanataka jambo moja: pakiti kubwa ya karatasi, yenye picha ya tembo. Kwa kweli hapa Karatu kila kizuri kina tembo. Yuko kwenye magari ya watalii, kwenye fulana, na kwenye kuta za hoteli. Klabu ikanunua pakiti, ikachonga muhuri wa tembo, ikafungasha pakiti sitini. Zikaletwa kwenye genge langu sokoni niwauzie.

Jamani, unga ule ulinichosha! Mama anafika, anaipapasa pakiti, anamwangalia tembo, anairudisha. "Hii ya wageni hii," anasema, na haulizi hata bei. Siku moja alikuja Blandina, mkulima wa Rhotia, jirani na msitu. Akaigeuza pakiti huku na huku.

"Bi Mwanamisi, mnyama huyu juzi amelala kwenye mahindi yangu. Ameniachia mabua. Leo nimnunue tena nimpeleke nyumbani?"

Genge zima likacheka. Hasna hakucheka.

Wiki tatu zikapita, zikauzika pakiti mbili. Na unga wenye karanga hauvumilii. Ukikaa sana unatoa harufu, na huo hata mbwa hanywi uji wake.

Jioni moja Hasna alirudi kutoka shuleni, akatupa mkoba sakafuni.

"Watu wa mji huu hawajui wanachotaka!"

"Okota mkoba, kisha uniambie."

Akaokota, akaniambia. Klabu ilikuwa imekaa kikao. Twaha, mwenyekiti wao, alisema wanunuzi wenyewe ndio walioomba tembo, na tembo wamepewa. Basi ubaya uko kwenye unga. Na anayekaanga karanga ni Scholastika, wakasema anaziunguza. Kwa hiyo Ijumaa Scholastika angenyang'anywa ufunguo wa jiko, na watoto walikuwa wanamwita Mama Moshi tangu unga ulipoanza kukosa wanunuzi.

Scholastika ni rafiki wa Hasna tangu chekechea. Nimemwona akikaanga karanga zile huku macho yamemwiva kwa moshi, asiache kugeuza hata mara moja. Nilifungua pakiti, nikakoroga uji, nikampa Hasna kikombe, nami nikachukua changu.

"Unga umeungua?" nikamwuliza.

"Haujaungua, Bibi."

"Basi niambie. Huyo aliyesema anataka tembo alikuwa nani? Mfupi au mrefu? Alivaa nini?"

Hasna akaangalia ndani ya kikombe.

"Na wa pili je?"

Uji ukapoa mikononi mwake. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Hakuna mtu aliyesema, Bibi. Walikataa kusimama. Nilijaza mwenyewe."

Nilikasirika, sifichi. Lakini nilimwambia tu, "Mimi umeniambia. Ijumaa utawaambia wao."

"Watanicheka! Bibi, nisemee wewe."

"Sikujaza karatasi mimi."

Ijumaa nilikwenda kikaoni, maana muuzaji naye aliitwa. Scholastika alikwishaweka ufunguo mezani, ameufunika kwa kiganja. Twaha alikuwa anafungua daftari wakati Hasna aliposimama.

"Karanga hazikuungua," alisema. "Mnadani niliuliza watu wanne tu. Karatasi ishirini na sita nilijaza mwenyewe."

"Yaani yule tembo ni wako?" Twaha akashangaa.

"Ni wangu."

Wengine wakaguna, wengine wakacheka. Scholastika hakucheka. "Wiki tatu, Hasna," alisema taratibu. "Wiki tatu naitwa Mama Moshi, na wewe umekaa pembeni yangu darasani."

Hasna akalia. Hakuna aliyembembeleza, hata mimi.

Mwalimu Leodegar alimrudishia Scholastika ufunguo, akamwomba radhi mbele ya wote, na Twaha naye akaomba. Kisha Mwalimu akamgeukia Hasna. "Zile nne za kweli ziko wapi?"

Hasna hakupata taabu kuzitoa kwenye bunda la karatasi. Zile ishirini na sita zilikuwa safi kama zilivyotoka shuleni. Zile nne zilikuwa na vumbi na alama za vidole. Mwalimu akazisoma kwa sauti. Akina mama watatu kati ya wanne walisema jambo lilelile: nataka nipimiwe kwa kikombe, na niuone unga kwa macho yangu.

Jibu lilikuwamo siku zote, limefunikwa na karatasi za uongo.

"Utauliza upya, watu thelathini," Mwalimu alimwambia Hasna. "Na Scholastika atakwenda nawe, kama anataka."

Nami nikaomba kusema. "Mnadani kila mtu ana haraka. Nendeni kwenye mashine ya kusaga. Mama aliyeweka ndoo yake kwenye foleni haendi popote."

Walikwenda huko kwa alasiri tatu. Hasna aliuliza, Scholastika akaandika. Njiani Scholastika alimjibu "ee" na "hapana" tu, wala sikumlaumu. Watu walijibu mpaka wakapitiliza maswali. Mmoja akawaeleza na namna mtoto wake anavyotema uji wenye chengachenga.

Klabu ikazifungua pakiti zote, ikauchekecha unga, ikautia kwenye ndoo safi inayoonyesha ndani, ikaweka kikombe cha kupimia na chupa ya uji wa kuonja. Ndoo ikakaa pale mashineni. Unga ukaisha kabla haujatoa harufu.

Blandina naye alikuja. Akaonja, akasogeza bakuli lake lipimiwe. "Na tembo wenu yuko wapi?"

"Tumemfukuza, mama," Hasna akajibu.

"Ungekuja umfukuze na wa kwangu!"

Siku unga ule ulipokwisha, kabla hawajaanza kukaanga karanga za awamu ya pili, Mwalimu Leodegar aliwakusanya jikoni.

"Hasna," alisema, "kuwakosa watu ishirini na sita hakukuwa kosa. Ungeniletea wanne na kuniambia umeshindwa, tungeanza na hao wanne. Ulipojaza uongo, hukunidanganya mimi peke yangu. Sote tulifanya kazi kwa kuufuata, na lawama ikamwangukia aliyekuwa anafanya kazi yake vizuri. Ukitumwa kuuliza watu, leta walichosema, kiwe kingi au kidogo."

"Nimekuelewa, Mwalimu."

Scholastika alikuwa anawasha jiko. Bila kugeuka, alivuta ungo uliojaa karanga, akausukuma mbele ya Hasna.

"Chambua," alimwambia. "Na zilizooza usizifiche."