Tarumbeta Lililogoma Kulia

"Sindano, shaba imeonekana," sauti ilikwaruza ndani ya saa yake ya Seiko. "Karakana ya chuma chakavu, nyuma ya kiwanda cha sabuni. Mnunuzi yuko njiani. Una dakika kumi."

"Nimekupata."

Alizima pikipiki yake ya Yamaha, akaingia kwa miguu.

Uvundo ulimpokea mlangoni. Grisi iliyochacha, mkojo wa panya, tindikali ya betri zilizopasuliwa.

Miaka kumi na tisa Idara ya Ujasusi ilikuwa ikilisaka tarumbeta moja kuukuu. Mjomba wake Sindano, askari wa bendi ya jeshi, alificha ndani yake filamu ndogo: mkuu wa bendi akiwakabidhi majasusi wa kigeni ramani ya ghala la silaha. Mkuu akamwahi. Akamshtaki mjomba kwa usaliti. Vyombo vya bendi vikauzwa kwa mafungu, mjomba akafia gerezani, na mkewe mpaka leo majirani humpisha njiani kama mwenye ukoma.

Fundi chuma alikuwa ameketi juu ya injini, akitafuna tumbaku.

"Matarumbeta yapo saba, bosi. Lakini yana mtu. Mzee mmoja wa glavu nyeupe alikuja jana. Kageuza, kanusa, kanuna. Nikamwambia, si upulize basi? Akasema hawezi kutia mdomo palipotiwa mdomo mwingine. Leo anayabeba yote akayapasue huko kwake."

Sindano aliyatazama. Saba, yote yamefanana, yote yana ukurutu wa kijani.

Lakini alimjua mjomba wake. Mjomba hakuazima tarumbeta lake kwa mtu. Akiliweka chini, alizibadilisha nafasi pistoni zake, vile vibonye vitatu vya juu, ya kwanza ikakaa pa tatu. Pumzi haipiti hapo, hata upulize mpaka macho yatoke.

Kuzifungua pistoni za yote saba kungemaliza dakika zake. Njia ya haraka ilikuwa moja tu.

Alifumba macho, akapuliza la kwanza. Likalia. Ladha ya kutu na meno ya mtu.

La pili. Likalia. Mguu wa mende ukabaki mdomoni. Akatema.

La tatu. La nne. Alitaka kujing'oa ulimi.

La tano.

Kimya. Pumzi ilimrudia mashavuni.

"Achana na hilo," fundi alisema. "Halitoi hata kikohozi. Nilikuwa nalitupa."

Sindano alifungua pistoni. Namba moja, mahali pa tatu. Ndani ya uvungu wake, kidonge cha nta. Ndani ya nta, filamu.

"Weka mezani, kijana."

Mkuu wa bendi alisimama mlangoni. Suti safi, glavu nyeupe, bastola ya Walther mkononi. Fundi alishajificha nyuma ya injini.

"Shikamoo, mzee," Sindano alisema.

"Una midomo ya mjomba wako. Na yeye alikuwa hachagui pa kuitia."

"Alichagua. Ndiyo maana hakukutemea mate."

Mzee akainua bastola. Sindano alikwishanyakua tarumbeta la sita. Kinywa chake kipana kilikuwa kimejaa maji ya mvua, mazito kama kamasi, na ndani yake panya aliyevimba.

Akayarusha yote usoni mwa mzee.

Mtu mwingine angefyatua. Huyu alipeleka mikono yote miwili usoni, na bastola nayo, akijipangusa na kutapika.

Sekunde moja.

Tarumbeta likatua kwenye kifundo cha mkono wa mzee. Walther ikaanguka. Pingu zikalia, zikamfunga mikono nyuma ya nguzo ya mlango.

"Nipangusie," mzee alinong'ona. "Tafadhali. Yameingia mdomoni."

Sindano alimtazama. Hakuona hasira moyoni mwake, bali kinyaa tu, kile cha mtu aliyekanyaga kitu pekupeku.

"Idara, mzigo ninao. Na mnunuzi pia. Kampelekeeni mke wa mjomba gari. Aione filamu kabla ya mkurugenzi."

"Sindano, huo si utaratibu."

"Na kumzika mumewe bila saluti kulikuwa utaratibu?"

Redio ikakwaruza tena.

"Gari linaondoka. Na lingine linamfuata mnunuzi."

Alizirudisha pistoni za tarumbeta la tano mahali pake, akalitia kwapani. Akatema mate mara tatu, akawasha Yamaha, akaondoka bila kugeuka.